Mbwa Wanaolia Mchana

Tunduma,
3 Juni 2024

Kwa Mama Tumpale,

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Osea, ametukataza kupigiana kelele tena bombani kama tulivyofanya Jumamosi mbele ya wanawake wa watu na ndoo zao. Amesema mwenye neno aliandike, alipitishe chini ya geti la mwenzake, na mwenzake ajibu kwa maandishi. Simu umenifungia, nami nimekufungia. Kwa hiyo naandika.

Neno langu ni mbwa wako.

Asubuhi unakwenda ofisini kwenu mpakani kushughulikia karatasi za malori, unafunga geti, unarudi jua limezama. Hujui nyumba yako inavyokuwa mchana. Mimi najua, maana ukuta wetu ni mmoja. Wangekuwa wanabweka ningenyamaza. Mbwa kazi yake ni kubweka. Hawa wanalia. Anaanza yule mkubwa mweusi, anainua shingo, mwenzake anampokea, na kilio chenyewe ni cha msibani, kirefu, hakina pa kukatikia. Huanza wakati watoto wangu wameshakunywa uji na kulala, wananyamaza ukirudi wewe.

Unajua nalea watoto wa wanawake wanaouza sokoni na wanaovuka Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta riziki. Mtoto akishtuliwa na kilio kile halali tena, na akiamka mmoja wanaamka wote. Tangu baada ya Pasaka hatujapata mchana wa amani.

Halafu jina. Mbwa mkubwa umemwita Hayawahusu. Kila jioni unasimama karibu na ukuta wangu unaita, "Hayawahusu! Hayawahusu!" Mimi si mtoto. Najua anayeitwa ni nani.

Wanyamazishe au wahamishe.

Tukuswiga Cheyo,
jirani yako wa ukuta

---

Tunduma,
4 Juni 2024

Kwa Mama Tukuswiga,

Barua nimeikuta chini ya geti imeshakanyagwa na hao hao mbwa. Nimeisoma hivyo hivyo na matope yake.

Mume wangu Jairo ni dereva wa lori. Anakuja na kuondoka, hata wiki ijayo sijui atakuwa wapi. Binti yetu yuko bweni Vwawa. Nalala peke yangu katika mji ambao kila siku una sura mpya, na baadhi ya sura hizo huondoka na televisheni ya mtu. Mwaka jana walivunja dirisha langu la jikoni wakachukua jiko la gesi na sufuria ikiwa na maharage ndani. Ukuta wetu ulikuwa mmoja siku ile pia. Nilipokuuliza ukasema hukusikia kitu. Ndipo Jairo akaleta mbwa. Sasa umepata masikio?

Jina la Hayawahusu alilitoa Jairo kwa ajili ya ndugu zake wa Msangano, waliokuwa hawaishi kuuliza kwa nini tuna mtoto mmoja. Lakini kama limekuenea, livae.

Na watoto wako, mama, nao wanalia. Kila asubuhi mama zao wakigeuka tu, wanaangua kwa pamoja, hata chai yangu hainyweki. Sijawahi kukuandikia uwahamishe.

Gwantwa Kibona

---

Tunduma,
6 Juni 2024

Mama Tumpale,

Barua nzima hakuna shikamoo, na mimi ni rika la mama yako mzazi, ninayemfahamu, mwanamke wa Ileje mwenye adabu zake. Basi marahaba, kwa ile iliyokukwama kooni.

Watoto wanalia mama zao wakiondoka. Ni kweli. Kisha wananyamaza, kwa sababu wamebaki na mtu. Mbwa wako wamebaki na nani? Wamebaki na mnyororo. Nimewaona nikianika nepi: umewafunga kwenye mparachichi, wanauzunguka mpaka mnyororo unakwisha, kisha wanasimama pale wakiangalia geti. Sufuria ya maji wameipindua kabla hujafika barabarani.

Sikuombwa ushauri lakini nautoa, maana masikio ni yangu. Baba yangu alifuga mbwa wa kuwinda. Mbwa wa kubaki peke yake kutwa lazima kwanza achoke. Watoe alfajiri wakimbie. Wafungue. Maji yaweke kwenye chombo kizito. Waachie mfupa wa kutafuna, siyo wa kuku. Washa redio wasikie sauti ya mtu, na uwawekee mlangoni kitenge chako kikuukuu chenye jasho lako. Ukiweza, mtu awapitie mchana. Ukishindwa yote hayo, usifuge; nunua kufuli kubwa ukalale.

Usipofanya chochote nitakwenda kwa afisa mifugo wa kata. Atakuuliza na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Unacho?

Tukuswiga Cheyo

---

Tunduma,
17 Juni 2024

Kwa Mama Tukuswiga,

Shikamoo. Nimeandika ili usipate la kusema.

Cheti cha chanjo ninacho. Mwite afisa wako.

Kila alfajiri nawapeleka mbwa mpaka kwenye reli na kuwarudisha, katika baridi hii na upepo huu, halafu naingia ofisini miguu ina vumbi kama mchunga ng'ombe. Mnyororo nimeutoa. Maji nimeweka kwenye kinu cha zamani. Mifupa nimenunua. Redio inaongea kutwa. Kitenge changu wamekigawana vipande. Na bado Mzee Osea ananisimamisha njiani ananiambia umekwenda kwake tena, mbwa wanalia vilevile.

Nikajiuliza, mbona wananililia hivyo mimi ninayewapa kila kitu? Jibu nimelipata uani. Kuna mtu anawalisha nikiwa kazini. Nimekuta mifupa ya mbuzi, na mimi sijanunua mbuzi. Nimekuta mabaki ya ugali na kapenta, wale dagaa wa Zambia, na mimi kapenta sipiki. Jioni mbwa hawagusi chakula changu. Leo Bosi, yule mdogo, ametapika povu mlangoni.

Anayetaka mbwa wangu wanyamaze mtaa huu ni mmoja. Leo vipande vya mbuzi, kesho vipande vya mbuzi vyenye dawa ya panya. Nimewaambia wenzangu bombani wasikie mapema, ili likitokea la kutokea niwe na mashahidi. Nimewaambia pia waangalie wanampa nani watoto wao.

Gwantwa Kibona

---

Tunduma,
18 Juni 2024

Gwantwa,

Leo sikuiti kwa jina la mwanao.

Asubuhi hii wanawake wawili hawakuleta watoto wao. Nikampigia mmoja, akasema mtoto ana mafua. Nikampigia wa pili. Huyo hakujua kudanganya. Akaniambia, "Mama, nasikia unaweka sumu." Mimi! Niliyefundisha watoto wadogo mpaka nikastaafu, ninayeonja uji kabla mtoto wa mtu hajaugusa!

Unatafuta anayewalisha mbwa wako? Unaye kitandani mwako. Muulize mumeo. Si ndiye anayepita mlango mdogo wa nyuma, upande wa reli, na ufunguo wake, amevaa kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi? Kila mara ana kifuko cha nyama mkononi. Akiniona ananiamkia, naitikia, anaingia. Na akiwa ndani, mbwa husikii hata pumzi yao. Ndiyo saa pekee watoto wangu wanalala. Akishatoka tu, akafunga ule mlango, ndipo msiba unaanza. Hawakulilii wewe, usijidanganye. Wanamlilia yeye.

Kwa hiyo badala ya kunichafua bombani, kaeni kikao wewe na mumeo. Kama ana mapumziko, akae nyumbani mpaka jioni. Kama hana, asije kabisa. Huku kuingia na kutoka ndiko kunakowatia mbwa wazimu.

Nimeshamwambia Mzee Osea kwamba nataka uniombe radhi mbele ya watu wale wale, mahali pale pale.

Tukuswiga Cheyo

---

Tunduma,
18 Juni 2024, jioni

Wewe mama,

Mume wangu yuko Kolwezi. Jana tu kanipigia kutoka mpakani Kasumbalesa akisubiri kuvuka kuingia Kongo, nimesikia honi za malori kwa masikio yangu. Toka Pasaka amelala nyumbani siku za kuhesabu.

Sasa niambie huyo mwanaume unayemwona akiingia kwangu na ufunguo ni nani. Au hayupo? Au umekosa la kujibu kuhusu sumu ukaamua kuniwekea mwanaume ndani? Mtaa mzima uanze kusema Mama Tumpale, mumewe akiwa barabarani, kuna kofia ya sufu inaingia mlango wa nyuma. Ndilo ulilotaka, sivyo? Umri wote huo, na hili ndilo ulilojifunza?

Tutaonana baraza la kata. Uje na Biblia yako, uape.

Gwantwa

---

Tunduma,
19 Juni 2024

Mama Tumpale,

Nimesoma. Nikasoma tena.

Huenda sikuona vizuri. Huenda ni fundi, au ni mtu alikuwa anapita kwenda relini. Macho ya uzeeni si ya kuapia. Hilo neno la mlango wa nyuma lichukulie kama halikuandikwa. Sijalisema kwa mtu na sitalisema.

La sumu halijafutika. Baraza la kata nitakuja.

Tukuswiga Cheyo

---

Nyumbani,
24 Juni 2024

Kwa utakayeikuta barua hii mezani,

Kama wewe ni mwizi, chukua televisheni uende. Nitashukuru, nitalala vizuri.

Kama wewe ni Jairo Simbeye, vuta kiti ukae.

Ijumaa ulipopiga simu nilikuuliza Kolwezi kukoje, ukasema joto, vumbi, foleni. Ukiwa bado unaongea, treni ikapiga honi ndani ya simu. Honi ile ile nikaisikia dirishani kwangu. Nilikuwa jikoni nimeshika mwiko. Nikakuambia usiku mwema baba, nawe ukasema usiku mwema, na mimi nikabaki na mwiko wangu, ugali ukaungua.

Kabla ya hapo jirani wa ukutani, niliyemzushia sumu, alikuwa ameshaniambia, nikamtukana. Kesho yake akajifanya haoni vizuri. Unajua inavyouma, mtu anayekuchukia akuonee huruma? Afadhali angeniringia.

Nimetafuta nguo za mwanamke mwingine. Nimenusa mashati yako. Nimekuta nini? Sabuni yetu ya kuogea inakwisha haraka. Taulo lako lina unyevu. Kikombe chako, kile chenye ufa, kimeoshwa na kufunikwa. Mwanaume mwenye nyumba ndogo anakuja kuoga kwa mkewe mchana, kujificha, na kulisha mbwa? Nimeshindwa kukuelewa. Ningekuta hereni ningejua pa kuanzia.

Kalamu iko hapo. Andika. Usinidanganye kwa simu tena. Sauti yako nimeichoka.

Gwantwa

---

Mezani hapo hapo,
24 Juni

Mama Tumpale,

Ni mimi. Nimekaa kwenye kiti kama ulivyosema. Hayawahusu ameweka kichwa kwenye goti langu, ndiyo maana mwandiko unacheza.

Hakuna mwanamke. Nakuapia kwa jina la Tumpale.

Mwezi wa tatu, nikitoka Ndola, karibu na Mpika niligonga mtu wa baiskeli. Hakufa. Alivunjika mguu. Polisi waliniuliza, "Dereva, ulikuwa unaangalia wapi?" Nikawaambia mbele. Na ni kweli, nilikuwa naangalia mbele. Alikuwa upande wa kushoto, mchana kweupe, kavaa fulana nyekundu, na mimi sikumwona kabisa. Nilisikia kishindo tu.

Tajiri mwenye lori akanipeleka kupima macho. Daktari akanionyesha vitaa vidogo, akasema bonyeza ukiona taa. Nikawa nabonyeza. Nikadhani nimebonyeza vyote. Akasema ni presha ya macho, imeshakula pembeni kote, nimebaki na kama bomba ninalochungulia. Hakuniambia nitapona. Akasema lori usishike tena. Tajiri akachukua funguo hapo hapo.

Nilirudi nikitaka kukuambia. Ulikuwa umepika, ukanieleza habari za shule ya Tumpale, halafu ukasema tumshukuru Mungu, katika mtaa huu ni wangapi wana waume wenye kazi? Nikameza. Asubuhi nikachukua begi langu la safari, nikavuka Nakonde kwa Gibson, yule niliyekuwa naendesha naye. Ananilaza chumbani kwake. Nabeba magunia ya mchele kwenye maghala. Kule hawaniulizi naona nini, gunia linawekwa begani nalifuata la mbele yangu. Ndicho nilichokuwa nakutumia ukidhani ni posho ya safari.

Mchana nakuja. Naoga, nanywa chai, nakaa na hawa. Hawaniulizi nimetoka wapi. Nikitaka kuondoka Bosi anashika suruali kwa meno. Najua wanalia nikitoka, nawasikia mpaka ninafika relini. Nilidhani wakishazoea kuondoka kwangu wataacha.

Sitakuja tena bila wewe kusema. Ufunguo nauacha chini ya kikombe.

Jairo

---

Nyumbani,
25 Juni 2024

Jairo,

Nimeisoma mara nyingi kuliko unavyostahili.

Umenifanya mjane wa mtu aliye hai. Nimelala na panga chini ya mto kwa ajili ya wezi, wewe uko ng'ambo ya mpaka, karibu kiasi kwamba treni moja inatupigia honi wote wawili. Nimewaamsha mbwa alfajiri kuwakimbiza relini, kumbe pengine nilipita juu ya nyayo zako. Nimegombana na jirani kwa sababu ya kilio chako. Maana ni kilio chako, umewaachia mbwa wakulilie.

Na daktari alisema uende tena lini? Hukuandika. Nakujua. Hukurudi. Umekaa miezi yote hiyo unabeba magunia huku hicho kibomba chako kinazidi kufunga, kwa sababu unaogopa mdomo wangu. Mdomo wangu ungekuua? Ungekupeleka hospitali ukitaka usitake!

Ufunguo nimeuchukua. Mlango wa nyuma nimepigilia misumari. Ukitaka kuja, njoo kwa geti kubwa, jua likiwa bado juu, Jumapili nikiwa nipo, watu wakitoka kanisani wakuone. Uje na begi lako lote. Usije na nusu.

Usipokuja Jumapili, baki na Gibson. Mbwa nitawapa watu wa Kamsamba wakachunge nao ng'ombe.

Gwantwa

---

Tunduma,
9 Julai 2024

Mama Tumpale,

Nimesikia umesimama bombani ukasema sikuweka sumu na kwamba uliyesema uongo ni wewe. Nimesikia kwa watu. Mimi nilikuwa nabadilisha nepi. Mtoto mmoja amerudishwa. Wa pili hajarudi, na mama yake akiniona njiani anavuka upande wa pili. Kwa hiyo usidhani yamekwisha. Ulichomwaga wewe kwa asubuhi moja, mimi nitakuwa nakizoa mpaka nife.

Kuhusu mbwa sina malalamiko. Tangu mumeo arudi na begi lake wamenyamaza kabisa.

Sasa mnaopiga kelele ni ninyi. Mchana, sasa ulipoanza kurudi kula, juzi na jana, nimesikia kila neno, na watoto wamesikia. Kuna katoto kamoja kameanza kusema "umenifanya mjinga" kakinyang'anywa kijiko. Kama lazima mgombane, mgombane watoto wakiwa wameshachukuliwa.

Tukuswiga Cheyo

---

Tunduma,
10 Julai 2024

Mama Tukuswiga,

Shikamoo.

Nilisema bombani kwa sababu ni kweli, si kwa sababu Mzee Osea alinituma. Yule mama wa pili nimemfuata mpaka sokoni kwenye nyanya zake. Amenisikiliza, akasema sawa, na macho yake yakasema siyo sawa. Siwezi kumfanya zaidi.

Lakini na mimi nina langu. Wewe ulimwona mume wangu tangu Pasaka. Mkaamkiana. Siku nilipokuandikia kwamba yuko Kolwezi ulijua kuna jambo, ukarudi nyuma, ukasingizia uzee. Kama kweli ulikuwa na huruma ungenigongea geti. Ulinyamaza kwa sababu ulikuwa unafurahia kujua kitu cha nyumbani kwangu ambacho mimi sikijui.

Kuhusu kelele nimekusikia. Nyumba ni yangu na mume ni wangu. Tutagombana tukimaliza kugombana.

Gwantwa Kibona

---

Tunduma,
16 Julai 2024

Mama Tumpale,

Ulichoandika si kweli, lakini si uongo mtupu. Siku ya kwanza niliposoma kwamba yuko Kolwezi niliona aibu kwa niaba yako. Ya pili nikajiona nina kitu mkononi. Ya tatu nikaogopa kukileta, maana ungenifukuza kwa mawe, na ungekuwa na haki. Basi. Sasa ulisome hili, ulipende usilipende, kwa sababu mara ile nilinyamaza na sirudii.

Siku hizi umeacha kurudi mchana kula. Sijui kama ni kazi au ni kumkwepa. Hujui nyumba yako inavyokuwa ukishatoka. Mimi naijua.

Asubuhi anafagia uwanja. Anafagia katikati tu, pembeni majani yanabaki, kisha anasimama akiwa ameridhika. Anawapa mbwa maji. Anakaa ngazini. Basi, hiyo ndiyo kutwa yake. Hasikilizi redio. Hatoki getini. Juzi alikuja kijana akimwita nje, akajifanya hayupo, na mbwa nao wakanyamaza kama wameelekezwa.

Jana nilikuwa naanika nepi. Alikuwa amenyoosha mkono mbele ya uso wake, akawa anausogeza pembeni polepole, anaurudisha, anausogeza tena. Anapima mahali unapopotea. Akafanya hivyo kwa mkono wa kulia, akafanya kwa wa kushoto. Halafu akaufunika uso na kulia. Mtu mzima, mabega yale ya kubeba magunia. Yule mweusi alilala miguuni pake na yule mdogo akasimama anamtazama, na wala hawakutoa sauti. Mimi pia nilisimama na nepi mkononi mpaka ikanilowesha.

Hakuniona. Nilikuwa upande ambao haoni.

Sijamwambia mtu, wala Mzee Osea. Sikuandikii kwa urafiki. La yule mtoto bado liko kifuani. Nakuandikia kwa sababu wewe hukuwepo, na usingeambiwa na yeye. Mbwa ulijifunza kuwaacha vizuri. Maji, mifupa, redio, kitenge. Huyu umemwachia nini?

Tukuswiga Cheyo

---

Tunduma,
18 Julai 2024

Mama Tukuswiga,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea getini, nikaikunja, nikakaa garini kwa mtu aliyenileta mpaka akaniuliza kama naumwa. Nilikuchukia sana. Nimeitafuta sehemu uliyokosea nikuandikie, sijaipata.

Nilipoingia alikuwa ngazini. Nikamuuliza umeshindaje. Akasema, "Salama tu, nimefagia." Nikaangalia uwanja. Majani yalikuwa pembeni kote kama ulivyosema, na mimi nimeyapita jioni zote hizi nikidhani ni uvivu wa makusudi.

Nikaketi. Nikanyoosha mkono wangu mbele ya uso wake, nikausogeza polepole. Nikamwambia, "Sema ukipotea."

Nikausogeza tena. Akasema, "Hapo."

Ni karibu sana, mama. Sikujua ni karibu hivyo. Nilikuwa nimedhani anaona kidogo vibaya, kama mtu anayehitaji miwani.

Akaniuliza, "Nani kakuambia?" Nikasema mbwa. Hakucheka. Halafu akacheka, halafu tukagombana tena, kuhusu ile miezi na daktari, na nadhani ulitusikia. Safari hii na yeye alinijibu. Alinifokea! Nilifurahi, sijui kwa nini nakuambia wewe.

Nimeomba ruhusa kazini. Kesho tunapanda basi la kwanza kwenda Mbeya kwa daktari wa macho. Kilichopotea hakirudi, nimeshaambiwa kwa simu. Tunakwenda kulinda kilichobaki. Tukirudi, atakaa na mimi ofisini siku za malori mengi. Madereva wote wa njia ile wanamfahamu, na kwa kuwaita, kuwatuliza na kuwaeleza wasubiri nini hahitaji kuona pembeni. Tajiri wangu amesema nimjaribu. Ikishindikana tutatafuta jingine.

Lako na mimi la yule mtoto najua liko palepale.

Mbwa watabaki peke yao kuanzia alfajiri mpaka jioni, pengine mpaka keshokutwa. Maji nimejaza, mifupa nimeweka. Watalia, najua. Funga madirisha.

Gwantwa Kibona